Kocha Asiyepaza Sauti: Maisha ya K.C. Jones na Maswali ya Timu Zetu

Maneno yaliyosemwa mbele ya makocha, wahamasishaji na viongozi wa timu za vijana



Tunawashukuru kwa kuitikia mwito wetu, hasa ninyi mliosafiri siku mbili kwa pikipiki na kwa mtumbwi ili kufika hapa. Tunawashukuru pia wazee wa mitaa waliokubali kuketi pamoja nasi, ingawa wengine wao husema wazi kwamba mpira ni mambo ya watoto.

Kabla ya mkutano huu tuliwaomba mtuandikie yale yanayowasumbua katika kazi yenu. Tumesoma barua zote. Tungeweza kuzijibu kwa mafundisho ya jumla juu ya amani, lakini hayo mmekwisha kuyasikia katika semina nyingi. Katika barua zenu maswali matatu yalirudi tena na tena.

Swali la kwanza: "Timu yangu ina vijana wa makabila mawili. Tukisafiri, familia za wenyeji hukubali kuwalaza hawa na kuwakataa wale. Nifanye nini?"

Swali la pili: "Tukidharauliwa mahali tulipoalikwa, tucheze au tuondoke?"

Swali la tatu: "Mimi sipendi kupiga kelele wala kuwatukana wachezaji. Kwa sababu hiyo watu husema mimi ni dhaifu, na wengine wa kwetu husema nimewauza. Nitaendeleaje?"

Tumetafuta mtu aliyekutana na maswali hayo yote matatu katika kazi ya mpira wa kikapu, au basketi kama tunavyosema mitaani. Mtu huyo ni K.C. Jones, Mmarekani mweusi aliyekuwa mchezaji, kisha kocha wa chuo kikuu, na mwishowe kocha wa timu za kulipwa. Alifariki tarehe 25 Desemba 2020, akiwa na umri wa miaka 88. Wengi wenu mnamjua Dikembe Mutombo, mtoto wa Kinshasa. Jones hamumjui, na hilo halishangazi: hata nyumbani kwake hakuwa mtu wa kujitangaza. Tunawaomba msikilize maisha yake kwanza, kisha tutarudi kwenye barua zenu.

Mtoto wa Texas

Alizaliwa tarehe 25 Mei 1932 katika mji mdogo wa Taylor, jimbo la Texas, kusini mwa Marekani. Jina lake lilikuwa herufi mbili tu, K.C., kama la baba yake. Wakati ule sheria za Texas ziliwatenga watu weusi na Wazungu: shule mbali, viti vya basi mbali, hata mabomba ya maji ya kunywa mbali. Tunasisitiza neno sheria. Chuki ya mtu mmoja ni jambo moja, na chuki iliyoandikwa na kutiwa mhuri ni jambo jingine.

Baba na mama walipoachana, mama yake aliwachukua watoto akahamia San Francisco, upande wa magharibi. Huko K.C. alicheza katika viwanja vya mtaani na katika timu ya shule. Hakuwa na mpango wa kwenda chuo kikuu, maana fedha hazikuwepo. Mwalimu wake mmoja alimsemea kwa watu wa University of San Francisco, chuo cha mapadri wa Kijesuiti, naye akapewa nafasi ya kusoma bila malipo. Angalieni jinsi mambo makubwa yanavyoanza: mwalimu mmoja alifungua mdomo wake kwa ajili ya mtoto asiyejua kujisemea.

Chuoni alipangiwa chumba kimoja na kijana mwingine mweusi, mrefu sana, jina lake Bill Russell. Russell alisimulia baadaye kwamba karibu mwezi mzima wa kwanza Jones hakusema naye neno. Kisha aliposema, alizungumza juu ya mchezo kama mwalimu wa hesabu: mchezaji akisimama hapa, mpira utarukia pale; ukimfungia njia ya mkono wa kulia, lazima aende kushoto. Vijana hao wawili walikesha wakipanga mambo hayo. Wakati ule watu wengi walidhani basketi ni kufunga tu. Hao wawili walijifunza kwamba mtu anaweza kushinda kwa kumzuia mwenzake asifunge.

Bweni tupu la Oklahoma City

Sasa tunafika kwenye swali la kwanza. Mwezi wa Desemba 1954 timu ya San Francisco ilialikwa kwenye mashindano katika mji wa Oklahoma City. Timu hiyo ilikuwa na Wazungu na weusi pamoja, na kocha wao Phil Woolpert, Mzungu, alikuwa akianza mechi na weusi watatu kati ya watano: Russell, Jones na Hal Perry. Siku zile hilo lilikuwa jambo la kushangaza, na Woolpert alipata matusi kwa ajili yake.

Walipofika, hoteli za katikati ya mji zilikubali kuwapokea wachezaji weupe tu. Njia rahisi ilikuwepo, na timu nyingi ziliifuata: Wazungu walale hotelini, weusi watafutiwe nyumba za watu weusi upande wa pili wa mji, kisha wote wakutane kiwanjani kesho yake. Hakuna ambaye angewalaumu. Lakini timu iliamua kulala mahali pamoja. Ilikuwa likizo, na bweni la chuo kimoja lilikuwa tupu. Wote, weupe kwa weusi, wakaenda kulala humo.

Walishinda mashindano yale. Mwezi wa Machi 1955 walikuwa mabingwa wa vyuo vikuu vya Marekani. Katika fainali waliifunga La Salle 77 kwa 63, na Jones, ambaye hakujulikana kwa kufunga, alipata pointi 24 huku akimlinda Tom Gola, nyota wa La Salle. Kufikia mwisho wa msimu wa 1956 walikuwa wameshinda mechi 55 mfululizo na ubingwa mara mbili. Mashindano ya mwisho ya 1956 Jones aliyatazama kwenye benchi. Miaka miwili kabla yake aliugua kidole tumbo baada ya kucheza mechi moja tu ya msimu, na kanuni zilihesabu mechi ile moja kama mwaka mzima. Mwisho wa mwaka ule ule alikwenda na Russell kwenye michezo ya Olimpiki mjini Melbourne, wakarudi na medali ya dhahabu.

Hatusemi kwamba walishinda kwa sababu walilala bweni moja. Walishinda pia kwa sababu walikuwa na Russell! Tunachosema ni hiki. Mchezaji aliyekataliwa mlangoni hasikii uchungu kwa sababu ya mwenye nyumba peke yake. Huwatazama wenzake. Wakiingia ndani na kumwacha nje, atajua tangu usiku ule kwamba timu inaishia kiwanjani. Wakigeuka wote pamoja naye, atajua jambo jingine, na wao pia watalijua.

Mkahawa wa Lexington

Baada ya miaka miwili ya jeshi, Jones alijiunga mwaka 1958 na Boston Celtics, timu ya kulipwa ya ligi ya NBA, ambako Russell alikuwa amekwisha kutangulia. Alikaa miaka tisa. Katika miaka minane mfululizo, 1959 mpaka 1966, Boston ilikuwa bingwa kila mwaka, na Jones alikuwa ndani ya timu kila mara. Wastani wake ulikuwa pointi 7.4 tu kwa mechi. Kazi yake ilikuwa kumfuata mchezaji hatari wa wapinzani kama kivuli. Kazi hiyo haiandikwi sana magazetini, lakini wenzake waliijua thamani yake.

Mwezi wa Oktoba 1961 Celtics walikwenda Lexington, jimbo la Kentucky, kucheza mechi ya kirafiki na timu ya St. Louis Hawks. Mechi ilipangwa kwa heshima ya wachezaji wawili weupe waliosoma katika mji huo, mmoja kila upande. Sam Jones na Satch Sanders, wachezaji weusi wa Celtics, waliingia kwenye mkahawa wa hoteli waliyofikia ili wapate chakula. Wakaambiwa hawatahudumiwa.

Walirudi kuwaeleza wenzao. Kocha Red Auerbach alizungumza na wenye hoteli, nao wakabadili neno lao: basi, waje wale. Auerbach aliwaomba wachezaji wabaki wacheze. Lakini wachezaji watano weusi wa Celtics, K.C. Jones akiwa mmoja wao, walikataa. Hawakuvunja kiti wala kumtukana mtu. Walifunga mizigo yao, wakapanda ndege kurudi nyumbani. Wachezaji weusi wa Hawks nao hawakucheza. Usiku ule mechi ilichezwa na Wazungu peke yao.

Kwa nini hawakukubali chakula kilipotolewa? Sisi tunaelewa hivi. Ruhusa ile ilitolewa kwa watu maarufu, kwa ajili ya mechi, kwa siku moja. Mtu mweusi wa kawaida wa mji ule, fundi au mfanyakazi wa nyumbani, angebaki nje kama jana. Wangekula na kucheza, wangesaidia kuficha jambo hilo. Walipoondoka, magazeti yaliandika, na mwenye timu akasema hadharani kwamba hatawapeleka tena wachezaji wake mahali pa aibu kama hiyo.

Lakini angalieni pia kwamba kuondoka kulikuwa na bei. Mwenzao, ambaye mechi ilikuwa ya heshima yake, alikuwa nyumbani kwao mbele ya jamaa zake. Watu wa mji walikuwa wamenunua tiketi. Hawakuondoka kwa hasira ya dakika moja. Waliketi, wakazungumza, wakaamua wote pamoja, wakamweleza kocha sababu. Msimu ule Celtics walibaki timu moja, wakawa mabingwa tena.

Tarehe 26 Desemba 1964 Auerbach alianza mechi na wachezaji watano weusi kwa mara ya kwanza katika historia ya NBA: Russell, K.C. Jones, Sam Jones, Sanders na Willie Naulls. Mchezaji mmoja mweupe alikuwa ameumia, na Naulls alikuwa anafuata kwa uwezo. Jambo lenyewe lilikuwa hilo tu. Kocha hakuhesabu rangi. Na mwaka 1966 Auerbach alipostaafu ukocha, alimkabidhi Russell timu. Russell akawa kocha mkuu mweusi wa kwanza wa NBA, na Jones akamaliza msimu wake wa mwisho wa kucheza chini ya rafiki yake wa chumba kimoja.

Kutoka benchi la chuo

Mwaka 1967 Jones alianza kufundisha katika Brandeis University, karibu na Boston. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1948 kwa juhudi za Wayahudi wa Marekani, wakati vyuo vingi vikubwa viliweka mipaka kwa wanafunzi Wayahudi, nacho kilifungua mlango kwa watu wote. Huko hakuna mchezaji aliyetazamia kuwa nyota. Walikuwa wanafunzi wa sayansi, wa historia, waliokuja mazoezini jioni na vitabu mkononi. Bingwa wa Olimpiki na wa NBA mara nane alikaa nao miaka mitatu akiwafundisha jinsi ya kupanga miguu na kufunga njia. Kisha alikuwa kocha msaidizi Harvard kwa msimu mmoja.

Tunalikazia hilo kwa sababu wengi wetu tungependa kuanzia juu. Tukipewa timu ya watoto wa mtaa mmoja, tunaona tumedharauliwa. Jones alijifunza ukocha kwa watu ambao hawakuwa na haja ya ushindi ili waishi. Hapo mtu hujifunza kufundisha hasa.

Mwaka 1971 alikwenda Los Angeles Lakers kuwa msaidizi wa Bill Sharman, na msimu ule Lakers walishinda mechi 33 mfululizo na ubingwa. Mwaka uliofuata akawa kocha mkuu wa timu mpya ya San Diego katika ligi ya ABA. Na mwaka 1973 akapewa kuongoza Bullets, timu ya NBA ya eneo la Washington.

Ubao wa mwaka 1975

Sasa swali la tatu. Msimu wa 1974–75 Bullets walishinda mechi 60 na kupoteza 22. Katika fainali walikutana na Golden State Warriors, ambao kocha wao, Al Attles, alikuwa mweusi pia. Ilikuwa mara ya kwanza katika ligi kubwa za Marekani fainali kuongozwa na makocha wakuu wawili weusi. Watu wote walitegemea Bullets washinde. Walipoteza mechi nne kwa sifuri.

Katika fainali hizo kamera ya televisheni iliingia kwenye duara la timu wakati wa mapumziko mafupi. Watazamaji wakamwona kocha msaidizi, Bernie Bickerstaff, akichora mpango kwenye ubao, na Jones akiwa kando akitazama. Hapo uvumi ukaanza: Jones hajui kazi, msaidizi wake ndiye kocha. Mwaka 1976, baada ya msimu mwingine wa ushindi mwingi kuliko kushindwa, aliachishwa kazi. Alingoja miaka saba kabla ya kupewa tena timu ya NBA kama kocha mkuu.

Ndugu zetu, fikirini sekunde chache za picha ziligharimu kiasi gani. Kumpa msaidizi kalamu ni jambo ambalo leo makocha hulifanya kila siku. Lakini mtu mweusi mpole, katika kazi ambayo weusi wachache walikuwa wameruhusiwa kuifanya, hakupewa nafasi ya kufikiriwa vizuri. Angepiga kelele, wangesema ana hasira. Aliponyamaza, wakasema hajui. Wanawake makocha walio hapa wanaijua hali hiyo bila sisi kuieleza.

Alifanya nini? Alirudi kwenye kiti cha msaidizi, kwanza Milwaukee, kisha Boston. Mwaka 1981 Boston walikuwa mabingwa naye akiwa msaidizi wa Bill Fitch. Fitch alikuwa mtu mkali, wa mazoezi marefu na maneno makali, na baada ya muda wachezaji walichoka. Alipoondoka mwaka 1983, Jones akapewa timu.

Boston wakati ule haukuwa mji wenye moyo mweupe. Tangu mwaka 1974, mahakama ilipoamuru watoto weusi na weupe wachanganywe shuleni kwa mabasi, mji ulikuwa umeona mawe, ngumi na polisi milangoni mwa shule. Katika mji huo mtu mweusi aliongoza timu yenye nyota weupe kama Larry Bird na Kevin McHale, na nyota weusi kama Robert Parish, Dennis Johnson na Cedric Maxwell. Aliwasikiliza wote. Wachezaji wazee aliwaachia nafasi ya kusema ndani ya duara. Hakumgombeza mtu mbele ya watu.

Je, upole huo ulikuwa udhaifu? Fainali za 1984 zilikuwa dhidi ya Lakers. Mechi ya tatu Boston walipigwa 137 kwa 104, aibu kubwa. Jones hakuwatukana wachezaji. Alibadili mpango: alimpa Dennis Johnson kazi ya kumlinda Magic Johnson, aliyekuwa akiendesha mchezo wote wa Lakers. Ni kazi ile ile ambayo Jones mwenyewe aliifanya miaka tisa. Boston walishinda mechi ya nne, na mwishowe wakachukua ubingwa katika mechi ya saba, 111 kwa 102. Mwaka 1986 walishinda mechi 67 na kupoteza 15, na kwao Boston, wakicheza uwanjani mwao wenyewe, walipoteza mara moja tu msimu mzima wa ligi. Katika fainali waliishinda Houston, ambamo alikuwamo kijana wa Nigeria, Hakeem Olajuwon. Kwa miaka mitano Jones aliifikisha Boston kwenye fainali mara nne.

Hatutaki kumfanya malaika. Alilaumiwa kwamba aliwategemea mno wachezaji watano wa kwanza, na vijana wa akiba hawakupata dakika za kukua. Nyota walipoumia na kuzeeka, hapakuwa na walioandaliwa vya kutosha. Lawama hiyo inatuhusu na sisi, maana katika timu nyingi za mtaani kuna vijana wanaobeba maji mwaka mzima bila kugusa mpira, na vijana hao ndio wa kwanza kuchukuliwa na wanaotafuta watu wa kubeba bunduki.

Baada ya Boston aliiongoza Seattle tangu 1990 mpaka Januari 1992. Mwaka 1989 jina lake liliingia katika Jumba la Heshima la mchezo huo. Na alipokuwa na umri wa miaka 65 alikubali kufundisha timu ya wanawake, New England Blizzard, katika ligi iliyofilisika Desemba 1998. Hakuona kwamba kufundisha wanawake ni kushuka.

Majibu kwa barua zenu

Tukirudi kwenye maswali matatu, haya ndiyo tunayowapendekeza, na tunaomba myajadili katika vikundi mchana huu.

Juu ya malazi: msikubali timu igawanywe kwa kabila usiku. Kabla ya safari, mkubaliane na wenyeji kwa maandishi kwamba timu italala pamoja, hata kama ni chini, darasani au kanisani, kwa mikeka. Sisi kwa upande wetu, katika mashindano tunayoyasaidia, hatutalipia tena malazi ya familia yanayochagua watu. Tutalipia mikeka, vyandarua na chakula cha sufuria moja. Tunajua wazazi wengine watalalamika. Tunawaomba mtuite tuje tuzungumze nao pamoja nanyi.

Juu ya kuondoka au kucheza: uamuzi huo usifanywe na kocha peke yake, wala na mchezaji mwenye hasira. Waliodharauliwa waanze kusema. Wengine wasikilize. Kisha muamue pamoja, mwaeleze wenyeji sababu kwa utulivu, na mtu asiguse jiwe. Matusi ya mtoto mmoja pembeni mwa kiwanja mnaweza kuyavumilia na kuyazungumza baada ya mechi. Lakini mkikataliwa kama watu, na waandalizi wakinyamaza, kuondoka kwa amani ni haki yenu, na hatutawakata pointi wala msaada. Jambo moja tunaliongeza, ambalo Lexington halikutokea: tungependa siku hiyo wote waondoke, pamoja na wale ambao wao wenyewe hawakukataliwa.

Juu ya kocha mpole: tunajua mnayoambiwa. Huku kwetu mtu mwenye sauti kubwa na fimbo huitwa mkubwa, na vijana wengi wameona amri ikitolewa kwa bunduki. Kwa sababu hiyo hasa wanahitaji kumwona mtu mwenye mamlaka ambaye hawaogopi. Lakini upole bila kazi haulindi timu. Jones aliujua mchezo mpaka kwenye mifupa. Alipobadili mpango, mpango ulifaa. Jifunzeni kazi yenu. Mpeni msaidizi kalamu, kisha muwaambie watu wazi kwa nini mmempa. Mpangeni wachezaji kwa uwezo na kwa nidhamu, na kanuni zenu ziandikwe ukutani, ili wa kwenu wakisema umewauza, uwaonyeshe kanuni.

Na vijana wa akiba wacheze. Katika mashindano yajayo tunapendekeza kila mchezaji aliyeandikwa apate angalau robo moja ya mechi. Makocha wengine wametuambia watapoteza mechi kwa sababu hiyo. Huenda ikawa hivyo. Tulete hoja hiyo mezani leo, tuamue pamoja, na tutakachokiamua tukifuate wote.

Mwisho, tunawaomba mkumbuke urefu wa safari ya mtu huyu. Kati ya usiku wa Oklahoma City na ubingwa wa 1984 ni miaka 30 kasoro miezi michache. Sheria za Texas alimozaliwa zilikuwa zimefutwa alipokuwa mtu mzima, lakini kufutwa kwa sheria hakukuzuia uvumi wa mwaka 1975. Nasi pia tunaweza kuona mikataba ikitiwa sahihi, na bado mlango wa nyumba fulani ukafungwa mbele ya mchezaji wetu wa sita. Kazi yenu iko mlangoni hapo, jioni, wakati wafadhili na waandishi wa habari wamekwisha kwenda.

Vikundi vitano vimekwisha kupangwa, na kila kimoja kina barua tatu za kuanza nazo. Tutakutana tena saa tisa.